Mkalimani Aliyetujua

Mdogo wangu alikuwa ameketi katika chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo letu kule Fridley, Marekani, koti la baridi amelifunga mpaka kidevuni na mkoba wa vitabu uko mapajani. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Mimi nilishuka na kapu la nguo mapema kuliko kawaida, kwa kuwa siku hiyo jikoni kazini tulikuwa wengi na msimamizi alinirudisha nyumbani. Saa hiyo mdogo wangu alitakiwa awe darasani Saint Paul.

"Basi lilikuacha?" nikamuuliza.

"Halikuniacha."

"Mwalimu hakuja?"

"Amekuja, dada. Mimi ndiye sikwenda."

Nikatia nguo kwenye mashine, nikakaa kando yake kwenye benchi. Maji yalipoanza kuingia, na kelele ikawa inatosha kumfichia sauti, akaniambia kwamba amekuwa akija pale tangu majani yaanze kudondoka. Anaamka, anaoga, ananiaga, anashuka ngazi, na akifika kwenye mlango wa nje mkono wake unakataa kuusukuma. Basi anashuka ngazi zilizobaki, anakaa na mashine mpaka jioni.

"Najua ni upumbavu," akasema.

Nilimwambia apande juu ale.

Sisi tumezaliwa watatu. Baba alitangulia, mama akafuata nilipomaliza kidato cha nne, na sikuendelea na masomo. Hakuna aliyeniambia niache. Ilikuwa wazi tu kwamba lazima pawe na mtu wa kuamka kukanda unga wa mahamri, na mtu wa kuitwa na mwalimu mkuu wadogo wakipigana, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipika mahamri na mbaazi pale kwetu Majengo, Mombasa, kwa miaka mingi. Niliposhinda bahati nasibu ya viza ya Marekani nilidhani ni matapeli. Nikaja hata hivyo, nikapata kazi katika jiko la nyumba ya wazee, na nikarudia kazi ile ile ya kulisha watu asubuhi.

Mdogo wangu wa kike aliolewa, akabaki Mombasa. Huyu wa mwisho alikuwa na kichwa cha hesabu, akapata nafasi chuoni huku na viza ya mwanafunzi. Mtaani walianza kumwita Injinia kabla hajapanda ndege.

Viza hiyo ina sharti ambalo nililijua vizuri siku chache baada ya chumba cha kufulia, nilipompeleka kwa mkono kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mama mmoja pale alitueleza polepole. Mwanafunzi wa viza lazima asome masomo yake yote ya muhula. Akiyaacha kwa hiari yake, viza imevunjika. Akiwa mgonjwa anaweza kupewa ruhusa ya kupunguza, lakini awe na barua ya daktari, na barua ije kabla ya mwisho wa muhula, wakati bado kuna kitu cha kuokoa.

"Mshauri nasaha wa chuo anaweza kuiandika?" nikauliza.

"Hapana. Daktari, au mwanasaikolojia mwenye leseni."

Nilitoka pale nikijua kazi yangu ni ipi. Daktari apatikane kabla ya mitihani. Mengine yote yangoje.

Usiniulize kwa nini sikuwauliza Wakenya wenzangu. Nusu ya ninaowajua hapa wanafanya kazi za hospitali. Ukipandwa na presha kwenye harusi, watano watakurukia na vipimo kutoka kwenye mikoba. Lakini taja ugonjwa wa akili uone wanavyoanza kukusanya sahani. Kwetu neno hilo lina wodi yake na uzio wake, na mtu akishasemwa kwalo, hata akipona, anabaki kuwa yule aliyewahi kuugua. Injinia wa watu hakuwa na nafasi ya jina la pili.

Niliyemwambia ni mdogo wetu wa Mombasa, naye akanitumia sauti kwenye simu huku anakaanga kitu.

"Da mkubwa, huyo amepigwa jicho. Injinia, Injinia, kila mtu Injinia, mlidhani watu hawaoni? Mpeleke kwa mwalimu aandikiwe kombe. Na asile vyakula vya watu."

Nikamjibu kwamba vyakula vya watu huku ni vya baridi na havina chumvi, mchawi mwenyewe angekata tamaa. Lakini nilimpeleka kwa mwalimu. Mzee yule wa madrasa ya huku, ambaye naye ni mtu wa pwani, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya mawaridi, akayamimina kwenye chupa.

"Haya anywe," akasema. "Na hospitali mmempeleka?"

"Bado, mwalimu."

"Mnangoja nini? Mimi nina sukari. Nakunywa kombe na najidunga sindano. Umewahi kuniona nikichagua?"

Hivyo tukaenda kwa mshauri wa chuo, awe mlango wa kwanza. Nilivaa buibui langu jipya. Kwetu mgonjwa haendi kwa daktari peke yake, na anayemsindikiza ndiye anayeeleza, kwa kuwa mgonjwa ana kazi ya kuugua. Ndivyo nilivyompeleka mama, ndivyo nilivyowapeleka hawa wawili na surua zao. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini kinafika.

Mshauri alikuwa msichana wa Kizungu mwenye sauti ya upole. Akamtazama mdogo wangu. "Unalala vipi siku hizi?"

"Halali," nikajibu.

"Na chakula?"

"Anachokoachokoa. Hata pilau."

"Ningependa kumsikia yeye mwenyewe," akasema mshauri.

"Huyu ni mpole. Ukimwachia utakaa mpaka magharibi."

Mdogo wangu akacheka kidogo puani, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda. "Dada, akiniuliza naota nini pia utamjibu wewe?"

Mshauri akaniomba nikae nje. Nilitoka, nikakaa kwenye kiti kilichoegemea ule ukuta, na nakiri nilisogeza kichwa. Kuta zao ni nzito.

Walipotoka, mshauri alisema mambo mawili. Kwamba hali hii inahitaji daktari, na kwamba kliniki moja ya Saint Paul inapokea bima ya wanafunzi wa kigeni. Alipotupigia simu pale pale, nafasi ya kwanza ilikuwa baada ya muhula kwisha. Nafasi ya karibu zaidi ingepatikana ikiwa mgonjwa mwingine ameghairi, na hilo hujulikana asubuhi ya siku yenyewe. Anayetaka apige kila siku wakifungua.

Basi nikamwomba msimamizi wangu anihamishie shifti ya mchana. Akaniuliza kwa nini nataka kuacha shifti niliyoililia miaka yote. Nikamwambia nina simu ya kupiga.

Siku ya kwanza nilipiga mwenyewe. Mtu wa mapokezi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kuzungumza nami. Mgonjwa ni mtu mzima. Lazima yeye mwenyewe aje kwenye simu, aseme jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, kisha aseme kwamba anakubali dada yake aongee. Niliyemwogesha, niliyemtoa mende sikioni, sasa nahitaji idhini yake ili niulize kama kuna nafasi. Nilikasirika. Kisha nikachemsha chai.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi simu iliwekwa mezani kati ya birika na mkate, sauti imewekwa kwenye spika. Kazi ya mdogo wangu kwa siku nzima ilikuwa hiyo moja: jina, tarehe, "nakubali dada yangu aongee." Masomo mengine sikumuuliza. Kuna asubuhi aliyasema kama mtu anayesoma ubao. Kuna asubuhi alifungua kinywa pasitoke kitu, mtu wa mapokezi akawa anaita halo, halo, nikakata.

"Kunywa chai, tunapiga tena."

"Dada, niache leo."

"Hatuondoki mezani."

"Wewe ni jela."

"Ndiyo. Ongeza sukari."

Tukapiga tena, akasema. Nafasi hazikuwapo. Baada ya wiki kadhaa mtu wa mapokezi alikwisha kutujua, hata alianza kusema pole kabla ya kutazama kompyuta. Asubuhi moja alikuwa anajaza taarifa zetu akauliza nyumbani tunazungumza lugha gani. "Kiswahili," tukasema wote wawili kwa pamoja, mimi nikiwa na fahari kidogo. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Theluji nzito ya kwanza ndiyo iliyotufaa. Watu waliogopa barabara, wakaghairi. "Mje leo mchana," akasema yule wa mapokezi. "Mkichelewa sana tutalazimika kumpa mwingine nafasi hiyo." Nilipiga simu kazini nikasema siji, nikapangusa gari, tukaingia barabarani nyuma ya gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu na hatukulipita hata mara moja. Mdogo wangu alikuwa anasema jina na tarehe yake kimyakimya, midomo inacheza. Muhula ulikuwa umebakiwa na siku chache.

Katika chumba cha kungojea alikuwapo mtu mmoja tu, mama wa makamo aliyevaa mtandio wa zambarau na kitambulisho shingoni. Alipogeuka nilimjua, na mdogo wangu alimjua. Hakuna harusi ya watu wa pwani katika mji huu na vitongoji vyake inayopita bila biriani ya mama huyo, na nyimbo za vugo ndiye anayezianzisha. Kliniki ilikuwa imemwita awe mkalimani wa Kiswahili.

"He, ninyi? Karibuni. Mwanangu, mbona umekonda hivi? Dadako hakupi chakula?"

Alicheka, akaona hatucheki, akaelewa. Mkono wake ukaenda kwenye kile kitambulisho.

Mdogo wangu alifanya alivyofunzwa. Alimwendea, akamwamkia, akambusu mkono. Kisha akageuka, akapita mlango wa kioo na kwenda nje kwenye theluji.

Nilimkuta amesimama kando ya gari. Nikamfungulia, akaingia, nikaingia upande wangu.

"Siwezi," akasema.

"Hatakusema. Wana kiapo."

"Najua wana kiapo. Nimwambie daktari mbele yake kwamba kuna asubuhi sitaki kuamka tena? Kabisa? Halafu Jumamosi anipakulie biriani, aniongezee nyama?"

Maneno yale sikuwahi kuyasikia kwake. Tangu chumba cha kufulia nilikuwa napigania barua. Nilitazama kioo cha mbele kinavyofunikwa na theluji, na nikajua kwamba barua isingekuja leo ningeweza kuvumilia, lakini mdogo wangu kurudi nyumbani bila kumwambia daktari maneno yale, hilo sikuweza.

"Usitoke humu," nikamwambia.

"Niende wapi, ufunguo unao wewe."

Nilirudi ndani. Ingekuwa rahisi kwenda kaunta na kumwambia mtu wa mapokezi kwamba hatutaki mkalimani, yeye ndiye amtoe. Kwao hilo ni jambo dogo. Lakini kwetu kumtuma mgeni akamwondoe mama wa watu alipoketi ni kumtukana mara mbili. Kama ni kumtoa, nimtoe mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikaketi kiti cha pembeni yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ameogopa?"

"Ameogopa."

"Mwambie mimi nimesomea kazi hii. Nimesikia mengi katika vyumba hivi, mwanangu, ya watu unaokula nao. Umewahi kuyasikia kwangu?"

"Sijawahi."

"Basi."

"Najua hutasema, mama. Lakini sina wakati wa kumfanya na yeye ajue. Nakuomba utoke."

Akanitazama kama mtu anayeangalia sufuria iliyoungua. "Unanitoa."

"Nakutoa, mama. Na mlango nakufungulia."

"Ningekuwa mamako ningekuzaba kofi."

"Ungekuwa mamangu, leo kazi hii ya kumlinda ingekuwa yako."

Sikupanga kulisema hilo. Lilitoka. Akarekebisha mtandio wake ambao haukuwa na kasoro, akainuka. Alikwenda kaunta mwenyewe, akamwambia yule wa mapokezi kwa Kiingereza safi kwamba anaifahamu familia hii, kwa hiyo kwa utaratibu wa kazi yake inampasa ajitoe, na tena kijana anajua Kiingereza kuliko mkalimani. Nilimfungulia mlango kama nilivyosema. Njia ya kwenda kwenye gari lake ilipita ubavuni mwa gari langu, karibu kabisa na dirisha la mdogo wangu. Alipita pale uso ameugeuzia rundo la theluji, kana kwamba gari langu halina mtu.

Mdogo wangu aliona. Akashuka bila kuitwa.

Kwenye kaunta tukaambiwa muda umeliwa, huenda ikabidi tupangiwe siku nyingine. Nilisema, "Huyu hapa. Amekuja. Mnamwona." Sikupandisha sauti, ila sikusogea pale kaunta, na nyuma yangu hakukuwa na foleni ya kunisukuma. Akaitwa daktari, mwanamume mfupi mwenye sweta, akamuuliza mdogo wangu kama angependa kuzungumza kwa muda uliobaki. Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga.

"Ndiyo," akasema mdogo wangu. "Peke yangu."

Alikaa humo zaidi ya muda uliobaki. Daktari alipotoka hakuniambia lolote, na mimi sikuuliza, ingawa nilikuwa na maswali ya kujaza sufuria. Barua ilikwenda kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla muhula haujafungwa, ruhusa ikaja, akabakishiwa masomo machache anayoweza kuyabeba. Viza ikasimama. Akapangiwa kwenda tena wiki inayofuata, na wiki baada ya hiyo.

Nilikaanga mahamri, nikaendesha mpaka Blaine anakokaa yule mama. Alifungua mlango, akatazama kapu.

"Umekuja kuomba radhi au kunihonga?"

"Vyote viwili."

"Ingia, unanipotezea joto."

Tulikunywa chai. Alisema mahamri hayana iliki ya kutosha. Aliniuliza habari za kazi, akamuulizia mdogo wangu wa Mombasa, akamuulizia mume wa yule wa Mombasa, watoto wake, mpaka jirani yetu wa zamani ambaye nilikuwa nimeshamsahau. Kwetu huwezi kumaliza salamu bila kumuulizia kila aliye chini ya dari moja nawe, ni kosa kubwa kumruka mtu. Alimruka mdogo wangu huyu wa mwisho. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye gari, na bado hakumtaja, kana kwamba siku ile hakumwona kabisa. Niliendesha nusu ya njia kabla sijajua kwamba nalia.

Wiki ile ya pili mdogo wangu alinipa masharti tukiwa njiani.

"Usiingie ndani."

"Siingii. Nitakaa garini."

"Na usikae pale wanapoegesha. Nikiwa ndani nitaona gari kwenye dirisha. Nishushe, ukangoje kwenye kituo cha mafuta."

"Kituo kiko mbali, na kuna barafu."

"Nitatembea, dada."

Nikamshusha mbele ya mlango. Hakuingia upesi. Alisimama anakung'uta viatu ambavyo havikuwa na theluji, na mimi nikaondoa gari kwa kuwa nilijua nikibaki nitashuka nimsukume. Pale kituoni nilinunua kahawa, nikaiacha ikapoa. Sikujua kama ameingia. Nilikuwa na namba ya kliniki kichwani, na nilijua hata nikipiga hawataniambia, na safari hii sikukasirika.

Alikuja kwa miguu, mikono mfukoni, macho mekundu. Akaingia, akafunga mkanda. Nikamwongezea hita.

"Wiki ijayo saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nane mchana."

"Nitabadilisha shifti."

"Umeshabadilisha sana. Watakuchoka."

"Wanichoke."

Akaichukua ile kahawa baridi, akainywa, akakunja uso. Nikatia gia, nikaangalia nyuma, tukaingia barabarani.